Sukari ya mwanangu inashuka usiku wa manane, nimpe nini kabla ya kulala?

Mama Wawili: Wakuu habari za jioni. Nina kijana wa miaka 11, ana kisukari aina ya kwanza, huu mwaka wa pili. Anachoma insulini ya mchanganyiko, ile ya 70/30, asubuhi na saa 12 jioni. Ugali anakula mapema, saa 3 kalala. Wiki hii mara mbili nimemkuta saa 8 usiku shuka limelowa jasho, anaongea maneno hayaeleweki. Kupima sukari, mashine inasoma 3.1 (mmol/L). Juzi kwa woga nikampa chai ya sukari na maandazi mawili kabla hajalala, asubuhi 17! Kliniki ni wiki ijayo. Nimpe nini jamani?

Mzee wa Kijiweni: Pole dada. Kijiko cha asali kila usiku. Asali haina madhara kama sukari.

Sindano Nne: Mzee shikamoo, ila hapo hapana. Asali inapandisha haraka, na ikifika saa 8 imeshaisha kazi. Dada, mimi nachoma tangu darasa la tano. Hiyo insulini ya jioni ina sehemu inayofanya kazi polepole, na nguvu yake inakolea usiku katikati, wakati mtoto tumbo liko tupu. Kwa hiyo tafuta chakula kinachokaa. Mama yangu alikuwa ananipa kikombe cha maziwa bila sukari, yana wanga gramu 12 hivi, na konzi ya karanga. Siku nyingine kipande cha mkate wa brauni na yai. Karanga peke yake hazitoshi, wanga wake ni kidogo mno.

Ila pima kwanza! Mimi kliniki waliniambia nikiwa chini ya 7 nile, nikiwa 12 nilale hivyo hivyo. Waulize wakupe namba za mwanao. Maandazi muachie baba yake 😀

Nesi wa Zamu: Mama, swali: siku hizo mbili alicheza mpira? Mazoezi ya jioni yanaweza kushusha sukari saa nyingi baadaye, mtoto akiwa usingizini.

Halafu usingoje wiki ijayo, piga simu kliniki kesho. Kushuka mara mbili ndani ya wiki huenda dozi ya jioni imezidi, na hatutaki mtoto awe analishwa ili kuifukuzia insulini. Usiipunguze kwa kukisia. Akishuka chini ya 4, koroga vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, anywe, upime tena baada ya dakika 15. Ikishapanda ndiyo umpe maziwa au mkate. Akiwa hajitambui usimmiminie chochote mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Mama Wawili: Jumanne na Alhamisi! Ndizo siku zake za mpira, wala sikuunganisha. Ila stripu za kupimia sukari zimebaki tisa.

Sindano Nne: Basi zibanie mchana akiwa mzima, ila ya kabla ya kulala na ya saa 8 usiziguse. Akionyesha dalili, pima saa yoyote.

Mama Wawili: Mrejesho. Nimepiga simu, wamempunguzia uniti mbili za jioni, na siku za mpira anakunywa maziwa na karanga. Jana kacheza, kalala na 6.8. Saa 8 nikapima, 6.1. Kanuna kweli kweli kwa kuamshwa.