Ushauri wa haraka: bampa la kilo 5, nauli dola 742. Ndivyo ilivyo au napigwa?

Ngosha_SH5 (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanza, gari ni Subaru Forester SH5 ya 2009. Bampa la mbele limepasuka vibaya. Nimepata jingine mtandaoni kwa muuzaji wa Dubai, dola 110, rangi ileile ya gari langu. Kinachoniumiza kichwa ni nauli: kwa kampuni ya vifurushi vya haraka mpaka Dar ameniandikia dola 742. Bampa lenyewe ni kilo 5! Nimemwuliza kama amekosea kuandika, anasema mfumo ndio uliotoa hiyo bei. Je, naibiwa? Na kuna njia ya kulipia hizo kilo 5 tu? Amenipa hadi Ijumaa, naombeni msaada.

KipimoSahihi
Weka vipimo vya boksi: urefu, upana, kimo, kwa sentimita, likiwa limeshafungwa. Kwa mzigo kama huo kilo hazisemi chochote. Weka pia uzito aliokuandikia yeye, usiweke uliousoma mahali pengine.

Mzee_wa_Gerezani
Kijana, kwanza hilo bampa limepasuka kiasi gani? Geuza upande wa ndani, utaona maandishi ya aina ya plastiki, mara nyingi PP au PP+EPDM. Hiyo inachomeleka. Fundi achimbe mfereji wa V kwenye ufa, atoboe tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia, kisha achomelee kwa fimbo ya plastiki ya aina ileile, na upande wa ndani azamishe wavu wa chuma. Fundi akipaka gundi ya epoksi juu ya PP bila kuiandaa, itabanduka ndani ya miezi michache, kwa sababu PP haishiki gundi. Vijana mnakimbilia kuagiza nje hata kitu ambacho fundi wa mtaani anakimaliza kwa siku moja. Kama masikio ya kufungia yamekatika yote, hapo sawa, tafuta jingine, na anzia Gerezani, kwenye maduka ya vipuri Dar, kabla ya Dubai.

Ngosha_SH5
Mzee shikamoo. Masikio yamekatika yote ya kushoto, hata fundi amekataa.
Vipimo alivyonipa ni 182 x 60 x 45. Uzito ameandika 11.8. Na nilitaka kuuliza, kodi ya mzigo wa dola 250 itakuwa kiasi gani?

KipimoSahihi
Sasa tunaongea. Kampuni za vifurushi vya haraka huchukua ule mkubwa kati ya uzito wa mizani na uzito wa ujazo. Wa ujazo unapatikana kwa kuzidisha sentimita zote tatu na kugawanya kwa 5,000:

182 x 60 x 45 = 491,400
491,400 ÷ 5,000 = 98.28, wanapandisha hadi 98.5

Kwa hiyo unalipia kilo 98.5, hulipii 5 wala 11.8. Dola 742 ukigawa kwa 98.5 ni kama dola 7.5 kwa kilo, na humo ndani kuna tozo ya mafuta na tozo ya kifurushi kirefu. Muuzaji hajakuibia. Bampa lina umbo la bakuli, na wewe unasafirisha hewa iliyo ndani ya bakuli.

Kuhusu kulipia kilo za mizani tu: EMS, huduma ya haraka ya Posta ya Japani, huhesabu hivyo, haiangalii ujazo. Lakini kikomo ni kilo 30 na urefu wa mita 1.5. Taa, grili, kioo cha pembeni, rejeta ndogo vinapita. Bampa zima halipiti, na wewe mzigo wako uko Dubai.

DadaKargo
Achana na vifurushi vya haraka kwa kitu cha umbo hilo. Omba bei ya kargo ya kawaida ya ndege, uwanja hadi uwanja. Huko ujazo unagawanywa kwa 6,000: 491,400 ÷ 6,000 = 81.9, yaani 82. Kilo zinapungua, na bei ya kila kilo nayo ni ndogo. Ukipewa tuseme dola 3 kwa kilo, ni 246. Ila hapo hupelekewi mlangoni. Kuna ada ya hati ya mzigo, ada ya ghala uwanjani na malipo ya wakala wako. Mwombe wakala aziandike zote kabla hujaruhusu mzigo uondoke.

Meli: bampa lako ni CBM (mita ya ujazo) 0.49. Kontena la kuchangia hutozwa kwa CBM au kwa tani, ile inayotoa pesa nyingi, na wengi wana kiwango cha chini cha CBM 1 nzima. Ukiona "dola 90 kwa CBM" usifurahi kuwa utalipa 44, utalipa 90. Halafu Dar kuna hati ya kutolea mzigo, kufungua kontena, ghala na wakala, na jumla ya hizo mara nyingi inaizidi nauli ya baharini yenyewe. Meli inalipa ukijaza hiyo CBM: bampa, boneti, fenda mbili, taa, vyote safari moja.

Juma_wa_Noah
Samahani mleta mada nadandia uzi. Mimi nataka injini ya Noah. Kwa hesabu hiyo itakuwa dola elfu ngapi?

DadaKargo
Injini ni kinyume chake kabisa. Chukua injini juu ya godoro la mbao (paleti), vyote 100 x 80 x 80: ni 640,000, gawa kwa 6,000 unapata 106.7. Injini na godoro lake ikiwa kilo 140, unalipia 140 za mizani, ujazo haukusaidii wala haukuumizi. Kitu kizito na kidogo, peleka meli. Hakikisha oili, maji na mafuta vimemwagwa vyote na matundu yamezibwa. Injini ikivuja ghalani inazuiwa, na gharama ya kusafisha inakurudia wewe.

Hakiki_Kwanza
Nimesoma tangu juu na siamini huu uzi. Bampa dola 110, lakini unauliza kodi ya dola 250. Bampa kilo 5, boksi la kadibodi ya tabaka mbili la ukubwa huo halizidi kilo 4. Jumla 9. Hizo 2.8 zilizobaki ni za nini? Ama hadithi umeitunga, ama boksi lina kitu hujakitaja. Watu wanapoteza muda wao kukupigia hesabu, sema ukweli au uzi ufungwe.

KipimoSahihi
Hoja yake ni ya msingi. Ngosha, jibu hilo kwanza.

Ngosha_SH5
Sijatunga, wakuu. Gari liligongwa mbele na eabegi (mfuko wa hewa) ya abiria ikafumuka. Muuzaji ana eabegi imetoka kwenye gari lilelile, dola 140, na ataitumbukiza ndani ya bampa. Sikuitaja kwa sababu swali langu lilikuwa nauli, na eabegi haiongezi ukubwa wa boksi. Tena hiyo 250 nimeshailipa, kilichobaki ni nauli. Nimekubaliana naye aandike "plastiki za gari" na thamani dola 60 ili kodi iwe ndogo. Nadhani wengi wanafanya hivyo. Naombeni tubaki kwenye nauli.

Wakala_Bandarini
Hapana ndugu yangu, nauli sasa si tatizo lako kubwa. Eabegi ina kilipuzi ndani yake. Kwenye orodha ya bidhaa hatari ni UN 3268, daraja la 9. Kwa ndege inatakiwa ifungwe kwa maelekezo ya ufungaji namba 961, iwe na lebo ya daraja la 9, tamko la bidhaa hatari lililosainiwa na msafirishaji, na shirika likubali kabla mzigo haujafika kaunta. Hata kwenye meli ni bidhaa hatari, inatangazwa.

Ukiificha ndani ya bampa, mashine ya eksirei inaiona: kopo la chuma lenye nyaya ndani ya plastiki tupu. Boksi zima linazuiwa, na bampa lako likiwemo. Na isipoonekana ndiyo mbaya zaidi, maana inaruka na watu kwenye ndege ambao hawajui kilichopo chini yao. Hili usilifanye kwa sababu ya dola 140.

Thamani ya dola 60: hati ya uongo forodhani ni kosa chini ya kifungu cha 203 cha Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. TRA wana haki ya kuikataa thamani hiyo na kukukadiria yao. Boksi likipotea, bima inakulipa 60, wakati wewe umetoa 250.

BintiNyakato
Kuna jambo lingine kuhusu hiyo eabegi. Marekani, Forester za modeli ya 2009 hadi 2013 ziliitwa na mtengenezaji zirudishwe kwa ajili ya eabegi ya abiria iliyotengenezwa na kampuni ya Takata. Kilipuzi chake ni amonia nitrati isiyo na kikausha unyevu. Joto na unyevu wa miaka mingi huiharibu, na siku ya ajali kopo hupasuka na kurusha vipande vya chuma. Kuna watu wameuawa na vipande hivyo. Eabegi iliyokaa miaka kwenye joto la Ghuba, ikafungwe kwenye gari linaloishi kando ya Ziwa? Tafadhali kaka, usimkalishe mtu mbele yake.

Ngosha_SH5
Dada nimekuelewa, lakini nitakaaje bila eabegi? Taa ya SRS (mfumo wa eabegi) inawaka muda wote. Na pesa nimeshatoa.

BintiNyakato
Taa ya SRS haiishii kwenye eabegi. Kwa kawaida baada ya kufumuka kompyuta ya SRS huhifadhi taarifa za ajali, na mikanda ya mbele nayo hujikaza kwa kilipuzi mara moja tu. Hata ukifunga eabegi nzima, taa itaendelea kuwaka kama hivyo vingine havijarekebishwa. Mpelekee gari fundi mwenye mashine ya kusoma SRS akupe namba za hitilafu kwanza. Muuzaji mwombe akurudishie 140, au akubadilishie na taa na grili za thamani hiyohiyo. Eabegi itafutwe mpya kwa namba ya chesisi, na isafirishwe peke yake kwa anayekubali daraja la 9.

KipimoSahihi
Akikubali kubadilisha, mambo yanakuwa mazuri. Ile hewa ndani ya bampa utailipia tu, basi ijaze. Grili, taa za ukungu, hata taa kubwa moja moja zikizungushiwa sponji, zinakaa humo. Ukilipia kilo 82 na mizani inasoma 12, una nafasi ya kilo 70 bila kuongeza senti ya nauli. Uhakikishe tu taa ni za usukani wa kulia, maana za usukani wa kushoto zinawamulika wanaokuja.

Halafu kimo. Bampa la PP lisilo na chuma chake linabonyea. Muuzaji aliweke kifudifudi, alikandamize taratibu mpaka sentimita 36, afunge kwa mkanda mpana wa kitambaa. Lisikunjwe katikati, rangi itapasuka pale kwenye mkunjo.

182 x 60 x 36 = 393,120
÷ 5,000 = 78.6, wanaandika 79
÷ 6,000 = 65.5 na kidogo, wanaandika 66

Sentimita 9 tu zimeondoa kilo 16 kwenye kargo ya kawaida. Kwa ile dola 3 ya mfano ni 198 badala ya 246. Kumbuka taa kubwa hazitaingia kwenye kimo hicho, kwa hiyo chagua moja: kubonyeza au kujaza.

Juma_wa_Noah
Na kodi? Nimesikia inapigwa juu ya CIF (bei, bima na nauli kwa pamoja), yaani nauli nayo inakatwa ushuru.

Wakala_Bandarini
Kwa meli, ndiyo. Kwa ndege, Jedwali la Nne la Sheria ya Forodha niliyoitaja linasema nauli ya ndege haiongezwi kwenye thamani ya ushuru wa forodha. Watu wengi hawalijui hili na wanalipa zaidi. Bampa ni kundi la 87.08 kwenye orodha ya ushuru, ushuru 10%. Kwa bampa peke yake la dola 110, ushuru ni 11. Ukiona karatasi ya dola 85 ujue mtu amejumlisha ile 742 humo, mwombe arekebishe. VAT ya 18% ina sheria yake, usiichanganye na ushuru. Ili usishtuke, ipigie na nauli ndani: 110 + 198 + 11 = 319, VAT 57.42. Juu yake kuna tozo ya reli na ada ya forodha, ni asilimia ndogo. Invoisi iwe ya bei halisi, na TIN yako iwe tayari kabla mzigo haujapaa.

Hakiki_Kwanza
Ngosha, pole kwa ukali wangu. Hesabu ilikuwa haikai.

Ngosha_SH5
Hakuna shida mkuu, kweli nilificha. Nimeongea na muuzaji. Eabegi anaiondoa na thamani ataandika ya kweli. Kurudisha pesa hataki, amekubali kunipa grili na taa mbili za ukungu, na kuna tofauti nitaidai. Bampa amelibonyeza, amenitumia picha yenye futi ya kupimia: 36. Mtu wa kargo amenipa bei kwa kilo 66. Nilipe?

DadaKargo
Kwenye picha boksi limefungwa au bampa liko wazi?

Ngosha_SH5
Liko wazi, juu ya meza.

DadaKargo
Usilipe bado. Sponji na kadibodi vinaongeza sentimita 2 hadi 3 kila upande, na ghalani watapima upya pale palipotuna zaidi. Likisoma 186 x 64 x 40 ni kilo 79.5, bei nyingine kabisa. Afunge, apime tena akiwa na futi juu ya boksi, ndipo umwombe mtu wa kargo bei ya maandishi kwa vipimo hivyo.