Maduka ya parokia, hati ya jimbo: kodi ni ya nani?

Mwuliza swali, Bukavu
Wandugu, tufungue jambo hili mchana kweupe, maana linanong'onwa tu baada ya misa. Tuchukue mfano wa parokia ya mjini yenye vyumba 6 vya biashara kando ya barabara. Mashirika ya waamini ndiyo yaliyochanga matofali, mabati na malipo ya mafundi, tena kwa kusudi lililotangazwa: kodi iendeshe kituo cha afya. Chumba ni dola 80, yaani 480 kwa mwezi, 5,760 kwa mwaka. Sasa ekonome, mtunza fedha wa jimbo la askofu, anaandika barua: kodi yote ipelekwe prokire, yaani ofisi ya fedha ya jimbo, parokia itarudishiwa sehemu. Ana haki hiyo?

Msomi wa sheria za Kanisa
Kwa ulivyoeleza, hana. Wakristu wengi hudhani askofu ndiye mwenye mali yote. Sheria ya Kanisa ya 1983 haisemi hivyo. Kanuni ya 515 inaipa parokia nafsi ya kisheria tangu inapoundwa, na ya 1256 inasema mali ni ya yule aliyeipata kwa haki. Kazi ya askofu ni kuangalia isipotee. Akihitaji fedha, njia ni ushuru wa kanuni ya 1263: uwe wa kiasi, ulingane na mapato, na kabla ya kuuweka asikilize baraza la uchumi la jimbo na baraza la mapadri. Kubeba kodi nzima halafu kurudisha kipande si ushuru. Na kituo cha afya kina ulinzi wake: kanuni ya 1267 inakataza sadaka iliyotolewa kwa kusudi fulani kutumiwa kwa lingine.

Mtu wa prokire
Mnasoma upande mmoja. Parokia ya mjini ina maduka. Ya milimani ina maharagwe na mihogo ya sadaka. Padri wa kule naye anakula, anaugua, anazeeka, na kanuni ya 1274 inataka kila jimbo liwe na mfuko wa kuwatunza mapadri.

Halafu tazameni maduka yenyewe yanavyosimamiwa. Mkataba umeandikwa kwa jina la paroko binafsi, kodi inatolewa mkononi, risiti hakuna. Paroko anapokea garanti, yaani amana ya mpangaji, ya miezi 6, anaitumia, anahamishwa. Anayemfuata anakuta wapangaji "wanakula garanti", nusu mwaka bila kulipa hata senti. Kwa vyumba 6 hizo ni dola 2,880 zilizokwisha kabla hajafungua begi lake. Prokire ikishika kodi, wizi wa namna hiyo unakatika.

Mhasibu
Unakatika parokiani, lakini unaweza kuzaliwa upya prokire. Dawa ni karatasi. Mkataba uwe kwa jina la parokia, paroko akisaini kama paroko. Kodi iingie benki, kutoa pesa kuhitaji saini mbili, ya pili ya mlei wa baraza la uchumi. Baraza hilo si hiari, kanuni ya 537 inalitaka katika kila parokia. Garanti iandikwe kwenye daftari kama deni, isihesabiwe kama mapato. Kosa hili peke yake limevuruga hesabu nyingi. Michango ya mashirika iwe na orodha: shirika gani, kiasi gani, kwa kusudi gani, tarehe. Bila orodha hiyo, maneno ya "tulichangia kituo cha afya" ni hadithi ya mdomo.

Wakili wa ardhi
Nyote mnairuka karatasi ya serikali, nayo ndiyo inayouma. Kwa mapatano ya 26 Mei 1906, Dola Huru ya Kongo iliahidi misioni hekta 100 au 200 kila moja, nazo zifungue shule. Hati za wakati ule hazikujua parokia. Hata majimbo yenyewe yaliundwa rasmi tarehe 10 Novemba 1959. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973: ardhi ni ya serikali, na shirika lolote, Kanisa likiwemo, linapewa konsesioni ya kawaida tu, yaani haki ya kuitumia ardhi kwa muda, isiyozidi miaka 25, inayoweza kurudiwa. Nendeni mkasome sertifika, yaani hati ya kiwanja iliyosajiliwa serikalini. Ikisema "jimbo", mbele ya ofisi ya hati mwenye haki ni jimbo, hata kama kila tofali ni la parokia. Angalieni pia tarehe ya mwisho.

Na mtego ni huu: kiwanja cha parokia kikiuzwa bila ruhusa zinazotakiwa na Kanisa, uuzaji ni batili kwa Kanisa lakini unaweza kuwa halali serikalini. Kanuni ya 1296 yenyewe inakiri hivyo. Mnunuzi akishapata sertifika mpya na miaka 2 ikapita, kukirudisha kiwanja ni vigumu mno.

Mwuliza swali
Na paroko akinyamaza? Anaogopa uhamisho.

Msomi wa sheria za Kanisa
Hapo ndipo pagumu. Kanuni ya 532 inampa yeye peke yake kuiwakilisha parokia. Akinyamaza, parokia haina mdomo mwingine. Lakini mkristu aliyeumizwa na amri anaweza kuipinga mwenyewe. Kwanza ombeni amri ya maandishi ya askofu, kwa sababu barua ya ekonome si amri. Mkishaipata, mna siku 10 za kumwomba askofu aifute, kwa maandishi. Yeye ana siku 30 za kujibu. Akikataa au akikaa kimya, mna siku 15 za kukata rufaa Roma. Kila mtu asaini kwa jina lake. Msiandike "Kamati ya Wakristu", maana kundi lisilo na nafsi ya kisheria halisikilizwi kama kundi.

Mtu wa prokire
Sawa. Ila katika barua hiyo andikeni pia mtalipa jimbo asilimia ngapi. Mkiandika sifuri, padri wa milimani ataisoma.

Mhasibu
Asilimia 15, yaani dola 864 kwa mwaka.

Mtu wa prokire
Kabla ya kutoa matengenezo au baada?