Mgonjwa apimwe anavyoshiriki mbele ya daktari?

Mleta mada:
Wakuu, kuna dodoso la Kimarekani, lilitungwa na Judith Hibbard na wenzake, likachapishwa 2004. Mgonjwa anasomewa kauli, anasema anakubali au hakubali, kisha anapewa alama 0 hadi 100 za uwezo wa kusimamia afya yake. Hata Uingereza wamelitumia. Watafiti wengine wanarekodi maongezi ya chumba cha daktari wakahesabu: mgonjwa kauliza mara ngapi, kasema hofu yake mara ngapi. Je, na sisi tuwapime wagonjwa wetu hivyo?

Nasema hapana, mpaka daktari naye apimwe kwenye karatasi hiyohiyo.

Nilimsindikiza mama kliniki ya presha. Tulifika alfajiri, tukaingia saa tano. Daktari macho kwenye faili: "Mama, dawa unameza vizuri?" Mama: "Ndiyo, baba." "Haya, endelea na hizohizo." Tukatoka. Kwenye dirisha la dawa, binti wa pale akauliza, "Mama, za mwezi uliopita zimebaki ngapi?" Mama akafungua pindo la khanga, akatoa bahasha. Vidonge nusunusu, vimekatwa kwa kisu. Akaeleza yote, foleni imejaa nyuma yetu: akimeza kizima anapata kizunguzungu, anaogopa kuanguka bafuni. Miezi yote hiyo hata mimi mwanawe sikujua.

Sasa mpimeni. Wa kuhesabu maswali watampa sifuri. Wa dodoso watampa alama za juu, maana mama ataitikia ndiyo kila kauli; kwake kumkatalia mtu wa hospitali ni kukosa adabu. Vipimo vyote viwili vitakuwa vimemkosa.

Mchangiaji 1:
Mkuu, pole kwa mama. Mimi ni tabibu, naona wagonjwa 60 kwa siku, siwezi kumchimba kila mmoja. Ningejua mapema nani hasemi, huyo ningempa muda zaidi. Na kumwandaa mgonjwa kunasaidia. Mwaka 1985 Marekani, Greenfield na Kaplan walikaa na wagonjwa wa vidonda vya tumbo dakika 20 kabla ya kumwona daktari, wakawapitisha kwenye mafaili yao na kuwazoeza kuuliza. Walipata maelezo mengi kuliko wenzao.

Mchangiaji 2:
Mimi huuliza. Mara ya mwisho nikaambiwa, "Kama unajua, jitibu." Alama zangu mngeziweka wapi?

Mleta mada:
Dokta, kuwaandaa nakubali kabisa, tena kwenye benchi la foleni muda upo tele. Ninachokataa ni alama kukaa kwenye faili la mama kana kwamba ukimya ni tabia yake. Huohuo Marekani, 1984, Beckman na Frankel walichunguza mara 74 ambazo mgonjwa alionana na daktari. Ni 17 tu waliomaliza kueleza kilichowaleta. Waliokatwa kauli walikuwa wameongea wastani wa sekunde 18. Ukihesabu maswali ya mtu aliyekatwa hivyo, umempima nani? Na huyu ndugu hapo juu, aliyeuliza akafokewa, safari ijayo atanyamaza, nanyi mtaandika hashiriki.

60 kwa siku ni mzigo, sibishi. Ila swali la yule binti halikuchukua hata sekunde tano. Dokta, kesho waulize wa presha watano tu: "zimebaki ngapi?" Kisha urudi hapa utuambie walichokujibu.