Naomba ushauri: kushona mfarishi na kutembelea makumbusho Ujiji kwa siku mbili

Habari zenu wapendwa, na shikamooni wakubwa zangu. Kikundi chetu cha akina mama hapa Kigoma kinaunganisha vipande vya khanga na vitenge kuwa mifarishi. Tumepanga kukaa Ujiji Jumamosi na Jumapili, tumalizie mfarishi wa bibi harusi wetu mmoja na tutembelee makumbusho ya Livingstone, pale alipokutana na Stanley mwaka 1871.

Sasa hapo ndipo tuliponasa. Mama zetu wanaoshona kwa mkono wanataka Jumamosi yote iwe ya sindano, soga na chai, makumbusho Jumapili. Mabinti wanataka waanze na makumbusho, wapige picha chini ya miembe, wasikie habari za misafara ya pembe na watumwa, ndipo washone. Mimi naijua safari ya picha, hairudi kabla ya adhuhuri! Nimejaribu kupigisha kura, zikalingana. Nikapendekeza tugawane makundi mawili, mama mmoja akasema kwa hiyo hatuendi pamoja tena. Kweli pia.

Kwa mliowahi kuandaa mikusanyiko ya namna hii: makumbusho yatangulie au yafuate kazi? Na wageni wanaokuja kutembea tu bila kushona, wachange sawa na sisi au walipe nauli na chakula chao tu? Vitambaa na nyuzi tumeshanunua kwa mfuko wa kikundi.