Ruhusa za printa kwenye Ubuntu: lp, lpadmin au sudo?

Mchapaji_wa_Kona
Wakuu, habari za saa hizi. Nina steshenari, kompyuta ya kaunta ni Ubuntu na printa ni ya USB. Vijana wangu wawili kila mmoja ana akaunti yake ya kawaida. Karatasi ikikwama au waya ukichomoka, printa inasimama, foleni inajaa, na hakuna wa kuiamsha mpaka nirudi niandike nenosiri langu. Wateja wanahamia duka la jirani.

Maelezo niliyosoma yanapingana. Moja linasema mtumiaji aingizwe kundi la lp, jingine lpadmin, la tatu linasema mpe sudo (ruhusa ya kuendesha amri kama msimamizi mkuu) yaishe. Sudo sitaki. Ipi ni ipi?

FundiWaya
Mpe sudo mkuu. Si vijana wako hao?

BintiSeva
Sudo ni funguo za nyumba nzima, yeye anataka mlango mmoja tu.

Mkuu, lp ni kundi la kifaa chenyewe, yaani faili kama /dev/usb/lp0. CUPS, yaani mfumo wa uchapishaji wa Ubuntu, ndiyo inayolihitaji. Kumwingiza kijana humo hakumpi mamlaka yoyote juu ya foleni, na hapo ndipo wengi wanapotea. Usimamizi unaamuliwa na mstari wa SystemGroup ndani ya /etc/cups/cups-files.conf. Ubuntu na Debian wameandika lpadmin. Mifumo mingine ina makundi mengine, ndiyo maana maelezo hayalingani. Fungua faili lako usome.

Kisha:

sudo usermod -aG lpadmin jina

Hiyo a usiiache, la sivyo mtumiaji anaondolewa makundi yake mengine yote. Atoke kwenye akaunti, aingie tena, ahakikishe kwa amri ya id.

MzeeWaFoleni
Binti kasema kweli, ila lpadmin nayo ni pana: anaweza kufuta printa, kuongeza nyingine, kubadili mipangilio. Mwaka 2012 liligundulika tundu lililomwezesha mtu wa kundi hilo kusoma na kuandika mafaili kwa uwezo wa root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Lilizibwa, lakini mimi silitoi ovyo.

Tengeneza kundi dogo, tuseme kaunta, uwaweke humo. Ndani ya /etc/cups/cupsd.conf, kwenye Policy default, tafuta sehemu ya Limit yenye Resume-Printer. Mstari wa Require uufanye hivi:

Require user @SYSTEM @kaunta

Kwenye Cancel-Job utakuta @OWNER (mwenye kazi) na @SYSTEM (makundi ya SystemGroup). Maana yake kila mtu tayari anafuta kazi aliyoituma mwenyewe. Ukitaka wafutiane, ongeza @kaunta hapo pia. Pima kwa sudo cupsd -t, halafu sudo systemctl restart cups.

Mchapaji_wa_Kona
Shukrani sana wakuu. Nimefuata njia ya Mzee, kijana kaandika cupsenable na jina la printa, ikaamka bila sudo. Ila dirisha la mipangilio bado linamdai nenosiri la msimamizi.

BintiSeva
Dirisha hilo hupitia polkit, huduma nyingine ya ruhusa yenye sheria zake mbali na za CUPS. Achana nalo, watumie amri au kivinjari kwenye localhost:631, waingie kwa jina na nenosiri lao wenyewe. Root ya Ubuntu haina nenosiri, wasijisumbue nayo.

MzeeWaFoleni
Na ukiwa na nafasi, kwa akaunti yako mwenyewe (hapa lpadmin ni amri, si kundi):

lpadmin -p jina_la_printa -o printer-error-policy=retry-job

Kazi ikishindikana itarudiwa baadaye badala ya printa kusimama.