Macho, namba au matokeo: unampima vipi mchezaji, na kocha anapobadili mchezo?

JukwaaLaMzunguko

Wakuu, juzi kijiweni kwetu Temeke mjadala uliangukia tena kwenye mechi ya Taifa Stars yetu ya Tanzania na Zambia, AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya Ivory Coast, tarehe 21 Januari 2024. Mimi bado inaniuma. Tunaongoza tangu dakika ya 11 kwa bao la Msuva. Kabwe wa Zambia anakula nyekundu kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili chote tuko 11 dhidi ya 10, halafu dakika ya 88 Daka anasawazisha kwa kichwa. Tulimaliza kundi na pointi 2. DR Congo walivuka nafasi ya pili wakiwa na pointi 3 tu, kwa sare tatu. Ushindi ule ungetufikisha 4.

Kijiweni zikatokea kambi tatu. Wa matokeo wanasema kocha alikosea, ushahidi ni 1-1. Wa namba wanafungua simu na kusoma alama ya kila mchezaji, fulani 7.2, fulani 6.1, basi. Wa macho wanasema mwangalie mtu asipokuwa na mpira. Mimi ni wa macho, lakini ndugu zangu wawili ninaowaheshimu wako kambi nyingine, kwa hiyo nauliza kwa nia njema: kipi kinakufikisha karibu zaidi na ukweli?

Takwimu_Tu

Macho yanafuata mpira, mkuu. Jaribu kukumbuka beki wa kulia alifanya nini dakika ya 30 ya mechi yoyote uliyoona mwezi huu. Hukumbuki. Namba zinakumbuka: mara ngapi alipokonya, mara ngapi alipitwa, krosi ngapi zilitokea upande wake.

Nakubali zile alama za jumla hazitoshi. Beki anaweza kupiga pasi 60 zote zikafika, na nusu yake ni za kumrudishia kipa. Ndiyo maana mimi siangalii alama, naangalia pasi zilielekea wapi na alipokea mpira eneo gani. Mtu wa namba asiyejua kuuliza swali ni sawa na asiye na namba.

Pointi3

Matokeo ndiyo yanayobaki kwenye vitabu. Kocha analipwa ashinde. Una mtu mmoja zaidi kwa dakika 45 na hujashinda, maelezo ya nini tena?

NyarKisumu

Hamjambo ndugu wa Bongo. Niwape upande wa pili wa sarafu hiyo, kwa sababu sisi Kenya tulikuwa hao 10.

CHAN, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Agosti 2025, nilikuwa uwanjani Kasarani, Nairobi. Angola tulicheza nao pungufu tangu dakika ya 21, ikaisha 1-1. Siku tatu baadaye Morocco: Ogam anafunga dakika ya 42, na kabla hatujaenda mapumziko Erambo anatolewa kwa nyekundu. Kipindi cha pili chote tulitetea bao moja dhidi ya timu iliyokuja kuchukua kombe, na walilichukua kweli. Tukashinda 1-0.

Ukipima kwa simu, Morocco walishika mpira sana na watu wetu wa mbele wanaonekana hawakufanya kitu. Mimi niliyekuwa uwanjani nakwambia mshambuliaji aliyeachwa peke yake alikuwa na kazi ngumu kuliko wote. Anakimbilia mpira usio na matumaini, anautia mwilini, anachezewa faulo, na wenzake wanapata nusu dakika ya kupumua. Alama hiyo inaandikwa wapi? Lakini na macho pia yana shida yake. Bao lile lisingesimama hadi mwisho, mtu yule yule tungemwita mzembe kuanzia Kasarani hadi nyumbani.

MzeeWaNgamiani

Vijana wangu, nimefundisha watoto hapa Tanga kwa miaka mingi, mpira wa mtaani tu. Naomba mnisikilize kidogo kuhusu kocha.

Kwanza, mjue alikuwa na nini mkononi. Siku ile ya Zambia benchi liliongozwa na Hemed Suleiman, aliyekabidhiwa timu siku chache kabla, baada ya kocha mkuu Amrouche kufungiwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika. Halafu sheria: unaruhusiwa kubadili wachezaji watano, lakini kwa nafasi tatu tu za kusimamisha mchezo, ukiacha mapumziko. Ukitumia mbili kabla ya dakika ya 65, ya mwisho unaishika kama shilingi ya nauli. Jukwaani tunapiga kelele "mtoe huyo!" na huyo ameshaomba kutoka dakika tano zilizopita, ila kuna mwingine ameshika msuli.

Pili, Pointi3 mwanangu, matokeo yanadanganya kuliko vyote. Kombe la Dunia 2014, Van Gaal, kocha wa Uholanzi, alimwingiza kipa Krul dakika ya 120 kwa ajili ya penalti dhidi ya Costa Rica. Krul akaokoa mbili, dunia nzima ikamwita kocha fundi. Mechi iliyofuata, dhidi ya Argentina, mabadiliko yalikuwa yamekwisha. Akabaki Cillessen, kipa aliyeanza, Uholanzi wakatolewa kwa penalti. Au Deschamps wa Ufaransa, fainali ya Kombe la Dunia 2022 dhidi ya Argentina: nyuma 2-0, akawatoa Giroud na Dembélé dakika ya 41. Ufaransa walirudi mchezoni, ikawa 3-3, wakalikosa kombe kwa penalti. Utasema alikosea kubadili? Mimi nilimvulia kofia.

Kwa hiyo mimi hujiuliza maswali mawili tu. Dakika ile alipobadili, tatizo lilikuwa wapi uwanjani? Na aliyeingia alipelekwa kwenye tatizo hilo, au penginepo? Bao la mwisho nalitazama baadaye.

Pointi3

Mzee shikamoo. La Van Gaal sina jibu. Ila kwa Stars bado nashikilia: tatizo lilionekana mapema, tulikuwa tunarudi nyuma dhidi ya watu 10. Hilo ni kosa hata tungeshinda.

MzeeWaNgamiani

Marahaba. Hapo sasa tunaongea lugha moja, na nakubaliana nawe. Tulirudi nyuma mno.

MnyamaDamu

Wote mmeruka kitu kimoja. Bao la Zambia lilitokana na kona, na kona ilipigwa na Chama. Chama huyu huyu, wakati ule akiwa Simba, tuliyemwona Kwa Mkapa miaka yote ile, hakuna beki wa ligi yetu asiyejua mguu wake. Kuongezeka mtu mmoja hakukusaidii kwenye kona, kila mtu ana wake wa kukaba. Swali langu ni nani alipewa Daka.

Takwimu_Tu

Kwa hilo namba zangu hazisaidii kabisa. Zitakuandikia kichwa cha Daka, basi. Aliyemwachia hana mstari wake popote.

JukwaaLaMzunguko

MnyamaDamu, umenigusa. Mimi wa macho, mechi nimeirudia mara tatu, na kila mara kwenye ile kona nimeangalia mpira. Leo usiku nairudia tena, namfuata Daka peke yake tangu mpira haujapigwa. Nikiona nitaandika hapa, na kama ni mchezaji niliyekuwa namsifu nitamtaja pia.