Chawa wa vitabu, wadudu wa magome na chawa wa kichwani: wana uhusiano gani?

Swali: MtunzaKabati

Salaam wanajukwaa. Ninatunza maktaba ndogo ya shule iliyo karibu na bahari. Katika vitabu vya zamani vilivyofungwa kwa gundi ya wanga ninawakuta wadudu wasio na mabawa, urefu wao kama milimita 1, rangi ya kahawia iliyopauka, ambao hukimbia kidogo, husita, kisha hukimbia tena. Kwenye gome la mwembe ulioko uani nimewaona wengine walio wakubwa zaidi, wenye vipapasio virefu na mabawa yaliyoinama pande mbili kama paa la nyumba. Kitabu cha kufundishia tulicho nacho kinawaweka wote hao katika oda ya Psocoptera, na chawa wa kichwani kinawaweka katika oda nyingine kabisa, Phthiraptera. Maandishi mapya zaidi niliyoyasoma yanataja oda moja tu, Psocodea. Ningependa kuelewa ni ushahidi gani ulioleta mabadiliko hayo, na kama yana maana yoyote nje ya vitabu, kwa sababu mzazi mmoja ameshaniuliza iwapo wadudu hawa wanaweza kuhamia katika nywele za watoto.

Jibu: Darubini

Nianze na mzazi: hapana, hawawezi. Mdudu wa vitabuni, ambaye kwa maelezo yako ni wa jenasi ya Liposcelis, hana miguu ya kukamatia unywele wala hanywi damu. Chakula chake ni ukungu unaoota kwenye karatasi, wanga wa gundi na mabaki ya wadudu waliokufa. Wale wa mwembeni hula kuvu, kuvumwani na miani midogo ya juu ya gome, na mti wenyewe hawaudhuru, kwa hiyo usiwapulizie dawa.

Kuhusu nasaba, kwa muda mrefu wataalamu waliwagawa wadudu hawa kwa kuangalia namna wanavyoishi, yaani wanaojitegemea upande huu na vimelea upande ule. Ni mgawanyo rahisi kuufundisha, lakini haukufuata ukoo. Mwaka 1985 Christopher Lyal, akilinganisha maumbile, alionyesha kwamba familia ya Liposcelididae, ambamo Liposcelis wamo, iko karibu zaidi na chawa kuliko ilivyo karibu na wadudu wengine wa Psocoptera, na tafiti za vinasaba za Kazunori Yoshizawa na Kevin Johnson, kuanzia mwaka 2003, ziliunga mkono hoja hiyo. Kwa hiyo mdudu wa kabatini kwako ana undugu wa karibu zaidi na chawa wa kichwani kuliko alio nao na yule wa mwembeni, hata kama kwa macho ungeapa kinyume chake. Ukiwaacha chawa nje ya Psocoptera, unakuwa umetenga tawi moja la ukoo na kuliita ukoo mwingine.

Ushahidi unaonivutia zaidi umo kinywani. Wadudu wanaojitegemea wa oda hii, pamoja na chawa wengi wanaotafuna, wana vibamba viwili vya mviringo chini ya sehemu iliyo mfano wa ulimi, na vibamba hivyo hulowanishwa na majimaji yanayovuta mvuke wa maji kutoka hewani. Maji yanayopatikana hupita katika vijifereji vyembamba, kisha hufyonzwa na misuli yenye nguvu iliyo nyuma ya uso, ile inayowafanya wadudu wa magome waonekane kama wamevimba paji. Ni vigumu kuamini kwamba kifaa tata namna hiyo kilijitokeza mara mbili katika makundi yasiyohusiana. Chawa wanaofyonza damu, ambao hupata maji yote katika damu, wamekipoteza.

Jibu: BwanaGhala

Ninaafikiana na Darubini kuhusu nasaba, ila kwa sisi tunaoshughulikia nafaka jina la Psocoptera bado lina kazi. Ninapoandika katika ripoti kwamba ghala la mahindi lina wadudu wa Psocoptera, kila mkaguzi anaelewa kwamba sizungumzii vimelea vya mifugo. Nikiandika Psocodea, nitakuwa nimewachanganya wadudu wa magunia na chawa wa kuku.

Niongeze jambo linalohusu eneo letu. Spishi inayosumbua zaidi duniani katika maghala na majumba, Liposcelis bostrychophila, ilielezwa kisayansi na Mfaransa André Badonnel mwaka 1931 kutokana na vielelezo vya Msumbiji. Jina lake la pili linawahusu mbawakawa wa familia ya Bostrichidae, familia ambayo dumuzi, yule mharibifu wa mahindi, ni mmoja wao. Liposcelis hupenda kula kiini cha punje, na baadhi ya makundi yake yamekuwa sugu kwa gesi ya fosfini, hivyo kufukiza ovyo ovyo kunaweza kuwabakiza wale sugu tu.

Kwa upande wa maktaba, dawa yako ni ukavu. Ule uwezo wa kuvuta maji hewani hukoma pale unyevu wa hewa unaposhuka chini ya asilimia 60 hivi, na mdudu hukauka taratibu hadi kufa. Pwani, ambako unyevu mara nyingi hukaa juu ya asilimia 70, utahitaji kusogeza makabati mbali na kuta, kuruhusu hewa ipite, na kuwa na kipimo cha unyevu ndani ya chumba.

Jibu: Darubini

BwanaGhala, sina ugomvi na jina likitumika kama neno la kazi. Ugomvi wangu ni pale linapowekwa katika kitabu cha shule kama kwamba ni kundi la asili. Tuwaambie wanafunzi kwamba ndani ya Psocodea kuna nusuoda tatu: Trogiomorpha, ambao kwa kawaida wana vipapasio vya pingili zaidi ya 20, Psocomorpha, wenye pingili 13 kwa kawaida, ambamo wamo wengi wa wale wa magome, na Troctomorpha, ambamo wamo Liposcelis na chawa wote. Wote kwa jumla ni spishi zipatazo 11,000, karibu nusu yao zikiwa za chawa.

Suala lililobishaniwa zaidi ni iwapo uvimelea ulianza mara moja au mara mbili. Utafiti wa mwaka 2004 ulidokeza mara mbili. Uchambuzi mpana zaidi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2021 ulirudisha hoja ya mara moja, na mimi ninaiona hiyo kuwa na nguvu zaidi. Njia yenyewe haishangazi, kwa kuwa jamaa za Liposcelis hupatikana hata leo katika viota vya ndege na manyoya ya wanyama, wakila uchafu uliomo. Kutoka kula mabaki ya ngozi kiotani hadi kula ngozi juu ya mnyama mwenyewe si mbali. Ukitaka hatua ya katikati kati ya kutafuna na kufyonza, mtazame chawa wa tembo, Haematomyzus elephantis, au ndugu yake anayeishi kwa ngiri: ana pua ndefu, na kwenye ncha yake kuna taya halisi, zilizogeuka kutazama nje, anazotobolea ngozi nene ili anywe damu.

Swali la nyongeza: MtunzaKabati

Ahsanteni sana. Nimejaribu kutafuta madume kwa darubini ya shule bila mafanikio. Je, ninakosea mahali pa kuangalia?

Jibu: Darubini

Huenda hawapo. Liposcelis bostrychophila kwa kawaida ni majike matupu yanayotaga mayai yasiyorutubishwa, na hali hiyo inahusishwa na bakteria wa jenasi ya Rickettsia wanaoishi ndani ya mwili wao. Jike mmoja aliyeingia na kitabu anatosha kuanzisha ukoo mzima. Yai huangua tunutu anayefanana na mama yake, hakuna hatua ya buu wala bundo, na katika joto la pwani kizazi kimoja hukamilika kwa wiki 3 hadi 4 hivi, kwa hiyo kila kitabu kinachoingia kikague kabla hujakipanga kabatini.